Sura ya Saba: Sireni Iliyozimwa Jumanne

Tairi la kwanza lilivingirishwa hadi kwenye lango la kituo cha polisi saa tano na dakika kumi. Inspekta Orpa aliliona kupitia dirishani, akaacha kuandika. Halikuwa limewashwa. Vijana waliolileta walililaza chini taratibu, kama watu wanaoandaa meza kabla ya chakula, kisha wakarudi nyuma wakasubiri. Orpa alikuwa na miaka kumi na sita katika upelelezi hapa Likasi, na kelele za watu zilikuwa zimeacha kumtisha siku nyingi. Utulivu ule ndio uliomtisha.

Walikuwa watu mia mbili hivi, na wengi walitoka makaburini moja kwa moja. Wachimbaji watatu waliofukiwa jana, Jumatano, katika shimo namba nne la Koperative Tushirikiane, kwenye njia ya Kambove, walikuwa wamezikwa asubuhi ya leo. Shimo lile lilikuwa na sireni. Ardhi ikicheza karibu na nguzo za mbao, sireni hulia, na kila aliye chini hupanda juu bila kuuliza. Jana haikulia. Na aliyeandika programu ya kuiendesha, binti wa miaka ishirini na sita aitwaye Jaël, alikuwa mahabusu nyuma ya ukuta wa ofisi ya Orpa, hatua kumi na mbili kutoka kwenye lile tairi.

Mbele ya umati alisimama Idriss, mkuu wa kikundi cha shimo namba nne. Mmoja wa wale watatu alikuwa mdogo wake, Maneno. Kando ya lango aliketi mama yao, Zaina, chini kabisa, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi, na tangu afike hakuwa amesema neno.

Komanda Ghislain aliingia bila kubisha. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Inspecteur, jeep inatoka saa tisa. Bantu ba parquet, bale ba mashtaka, banamuomba ule musichana."

"Itapita wapi, mon commandant?"

"Lango iko moya. Unayua."

"Basi munamupeleka ku tairi."

"Niko na bapolisi munane!" Komanda aliteremsha sauti, maana dirisha lilikuwa wazi. "Munane, Orpa. Bakiingia humu, haitakuwa yee peke yake. Uniletee kitu cha kuonyesha hawa bantu mbele ya saa tisa. Kama hakuna, anatoka."

Alipoondoka, Orpa alilichukua jalada. Lilikuwa na karatasi moja tu ya maana: kumbukumbu za mabadiliko ya programu ya sireni. Jumanne, saa tatu na dakika arobaini na saba asubuhi, mtu aliongeza mstari mmoja wa kuizima sireni. Jina lililoandikwa kando ya mstari huo lilikuwa la Jaël.

*

Jaël aliketi sakafuni, magoti kifuani. Midomo ilikuwa imemkauka hadi ikapasuka. Kila sauti iliyotoka langoni ilimfanya ageuze kichwa.

"Maman, banakuja?"

"Bado. Uniambie juu ya hii mustari. Iko na jina yako."

"Yote iko na jina yangu! Ku bureau ya koperative, minye njo nilifungua compte, na mot de passe tuliibandika ku mur. Courant ikikatika, mwenye batterie njo anachukua kazi, anaendelea pale mwenzake aliachia. Tulizoea vile. Hatubadilishake jina, tunaogopa kukula mégas za internet."

Orpa alitaka kukasirika, akashindwa. Katika mji ambao umeme hukatika bila salamu, nani angemlaumu mtu kwa kumwachia mwenzake kazi kabla betri haijaisha? Lakini hakimu hataelewa akaunti moja ya wote na neno la siri lililobandikwa ukutani.

"Na mardi asubui, saa ya ule mustari, ulikuwa wapi?"

"Ku nyumba, Kikula. Minye moya. Nilikuwa natumika ku mashine yangu."

"Kwa hiyo hakuna muntu alikuona."

"Hakuna." Jaël alifumba macho, kisha akayafumbua kwa ghafla. "Lakini mashine inaonaka, maman. Kuko na kitu moya. Mashine yangu iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya kabati la vielelezo. Orpa aliileta, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani. Betri ilikuwa na asilimia kumi na moja.

Jaël alieleza haraka, kama mtu anayekimbizana na ile betri. Programu wanayoandikia msimbo wa kompyuta ina tabia ya kumalizia maneno. Ukiandika herufi tatu, inashusha orodha ya majina yote yanayoanza hivyo, na ukibonyeza kitufe cha Tab, lile la juu linaandikika lenyewe. Waandishi wa programu hawaandiki tena majina kamili. Wanaandika mwanzo, wanabonyeza, wanasonga mbele.

"Na juu inaweka jina gani?"

"Ile ulichaguaka mara ya mwisho. Kila mashine inakumbuka mukono ya mwenyewe. Majina ya sirène niliyaandika kwa Kiswahili, bantu ba koperative basome. Kuko sirene_jaribu: inanyamaza dakika kumi, kisha inarudia yenyewe. Kuko sirene_zima: inakufa mpaka muntu aiwashe. Muntu wa mardi alichagua zima. Kama alichagua ku liste, mashine yake itakuwa inaiweka juu mpaka leo."

Orpa aliandika kwa kidole kimoja: s, i, r. Orodha ikashuka. Juu kabisa palikuwa na sirene_jaribu. Zima ilikuwa ya tatu.

"Usibonyeze Tab!" Jaël alimshika mkono. "Ukibonyeza, unaichafua, itakumbuka mukono yako. Bonyeza Échap, liste itaondoka."

Orpa alifanya hivyo. Alitaka sana kumwamini msichana huyu, na hilo lilimtia wasiwasi.

"Jaël, weye fundi. Unaweza kuisahaulisha hii mashine?"

"Ndiyo. Naweza."

"Basi hii ya kwako hainisaidie."

"Najua, maman. Itafuteni ingine."

Nje mtu alipiga lango kwa kitu cha chuma, mara tatu. Jaël alikunja shingo kama anayesubiri jiwe.

*

Orpa alipanda pikipiki ya kukodi hadi koperative, nguo za kiraia, barakoa ya vumbi usoni. Njiani aliona vijana wengine wakielekea mjini kwa miguu na baiskeli, na hakuna aliyekuwa akicheka. Mmoja alibeba dumu. Orpa hakujua ndani mna nini, na aliogopa kukisia.

Ofisi ya Tushirikiane ilikuwa chumba cha matofali chenye paa la bati, mita mia moja kutoka kwenye mashimo. Mashimo yalikuwa yamezungushiwa kamba. Walikuwamo watu wawili tu: injinia Fidèle, msimamizi wa usalama wa mashimo, na Mado, mama mtu mzima anayetunza funguo na daftari la wageni.

Fidèle alipoona kitambulisho cha Orpa alifunga kompyuta yake kwa kishindo.

"Fungua," Orpa alisema.

"Iko na mambo yangu ya privé."

"Injinia, kule mjini kuna tairi chini. Fungua."

Fidèle alikosea neno la siri mara mbili. Orpa alisimama nyuma yake. Huyu ndiye, alijiambia. Anaijua programu, anajibu kwa wakubwa kila sireni inaposimamisha kazi, na anatoka jasho katika chumba chenye baridi.

"Unamaliziaka majina na liste?"

"Kila muntu."

"Andika s, i, r. Basi. Toa mukono."

Orodha ikashuka. Sirene_jaribu ilikuwa juu. Zima ilikuwa chini kabisa, jina ambalo halijaguswa miezi na miezi.

Orpa alivuta pumzi. "Hii haikutoi mu mashaka. Mardi karibu saa ine asubui ulikuwa wapi?"

Fidèle alitazama mlango. Alimtazama Mado. Mwishowe alifungua begi, akatoa tikiti ya basi ya Lubumbashi, ya Jumatatu jioni, na ya kurudi Jumanne usiku.

"Nilienda kufanya test ya kazi ku kampuni ingine," alisema, karibu kulia. "Nilisema niko mugonjwa. Siku moya tu, maman! Siku moya nilikosekana, na bantu batatu…"

Mado alitikisa kichwa kuthibitisha. "Hakukuwa huku. Mardi muzima hakuonekana."

Hofu ya Fidèle ilikuwa hofu ya mtu aliyeiacha zamu yake, wala si zaidi. Orpa alimrudishia tikiti. Saa yake ilionyesha saba kasoro kumi. Alikuwa amepoteza uzi aliokuja nao.

Ndipo alipoiona ile ya tatu. Ilikuwa kompyuta ndogo ya zamani, pembeni chini ya dirisha, ikilishwa na betri ya sola. Waya ulitoka kwake hadi kwenye sanduku la kijivu ukutani.

"Ile ya nani?"

"Ya sirène," Mado alijibu upesi mno. "Haina mwenyewe. Hakuna mwenye kuigusa."

Orpa alivuta kiti. Programu ilikuwa wazi tayari, kama ilivyoachwa. Kabla ya kuandika, alimwita Fidèle na Mado wasimame kando yake, akaweka simu tayari kupiga picha, ili kesho asiwepo wa kusema kwamba polisi alijitungia. Kisha: s, i, r.

Sirene_zima ilikuwa juu.

Alipiga picha tatu, orodha pamoja na nyuso za mashahidi, akabonyeza Échap. Kwa mbali kulisikika bati la paa likigongwa na upepo.

"Injinia, utoke inje kidogo," Orpa alisema. Fidèle alipotoka, aligeuza kiti. "Maman Mado. Mardi asubui nani alikala hapa?"

"Siyue."

"Funguo iko na nani?"

"Na minye."

"Basi unayua."

Mado alikaa kitako juu ya kreti ya soda. Mikono yake ilikamata vitenge vyake ikavikunja, ikavikunja tena.

"Usiniulize, maman. Tafazali. Ile mutoto alishafiwa."

Orpa alijua jina kabla halijatamkwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita alitamani asiambiwe.

"Sema."

"Mardi sirène ililia mara ine mbele ya saa tatu. Camion kubwa zilikuwa zinapita karibu, udongo unatikisika, inalia. Bantu banapanda, banashuka, banapanda. Bakachoka. Idriss akakuja. Ananiambia, Ma Mado, unifungulie, nainyamazisha dakika kumi, tumalize kusimamisha mbao. Mbao, maman! Kwa kulinda benzake!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Alisomaka informatique, mambo ya mashine, myaka mbili mbele ya kuingia mu mashimo. Jaël alikuwa anamufundisha siku za posho, kila Jumamosi, kule kwake. Mi nikafungua. Ilimuchukua hata dakika moya hapana. Mukono yake iko mwepesi."

"Na sirène ilirudia kulia ile siku?"

Mado alifikiri. Orpa aliona jibu likimfikia usoni kabla ya mdomoni.

"Hapana," Mado alinong'ona. "Tulifurahi juu ya ile. Tulisema camion zimebadilisha njia."

Simu ya Orpa ilitetema. Alikuwa Komanda Ghislain, na nyuma yake umati sasa ulikuwa ukiimba.

"Banaleta mafuta, Orpa. Umepata muntu?"

Orpa alijua kwamba komanda huweka simu kwenye spika, kwa kuwa sikio lake moja limeharibika, na kwamba ofisi yake inapakana na ua. Jina moja likipenya dirisha lile, wangemgeukia Idriss aliye mbele yao kabla hajajua anashtakiwa nini.

"Bado," alidanganya. "Nakuja. Usitoe jeep."

Aliichomoa kompyuta kwenye waya, akaitia ndani ya mfuko wa sokoni, akaweka majani ya mihogo ya Mado juu yake. Mlangoni alimgeukia yule mama.

"Ulichoniambia, usimwambie hata Mungu kwa sauti."

*

Saa nane na dakika ishirini alishuka kwenye pikipiki, akaona kwamba hakuna njia ya kulifikia lango isipokuwa kupita katikati yao. Alijikaza kisabuni, akaingia. Matairi yalikuwa matatu sasa. Harufu ya petroli ilimkaa kooni. Watu walimpisha kidogo kidogo, mabega yakimsugua, na kila hatua alihisi mfuko ukiwa mzito zaidi.

Idriss alimzuia langoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yote ilikuwa imemwishia.

"Maman inspecteur. Unaleta nini?"

"Mashine ya sirène." Orpa aliongea kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. "Nataka muntu wa famille ya bale balikufa aone na macho yake, asiseme polisi banaficha. Weye unayua ordinateur. Ingia nami."

"Ingia, Idriss!" watu walipaza sauti. "Ingia uone! Tunaamini haba polisi hapana!"

Aliingia. Alipita akiwa ameinua kichwa, akijua anawakilisha watu mia mbili, na Orpa aliyemtangulia aliona aibu ikimchoma kwenye masikio.

Ofisini, Jaël alikuwa ameketishwa ukutani, pingu mikononi, komanda kando yake. Idriss alipomwona alisimama ghafla.

"Nilikuheshimu," alimwambia. "Ulikula na siye. Maneno alikuwa anakuita yaya, dada mukubwa."

Jaël alifungua mdomo. Orpa alimnyamazisha kwa mkono, akaweka kompyuta mezani, akasogeza kiti.

"Ikala, Idriss. Nataka kuelewa kitu. Kama muntu anataka sirène inyamaze dakika kumi tu, anaandika nini?"

"Ni rahisi. Hata minye naweza."

"Ulishafanya?"

"Mardi nilifanya. Tulikuwa tunasimamisha mbao." Alisema hivyo bila kificho chochote, kama mtu anayetaja kwamba alikunywa chai. "Dakika kumi, kisha inarudia yenyewe. Iko vile yee mwenyewe alinifundisha."

"Nionyeshe. Vilevile ulifanya mardi."

Idriss aliweka mikono juu ya vitufe. Ilikuwa mikono yenye sugu, kucha zimeingia udongo mwekundu, lakini ilijua njia. S, i, r, Tab, mabano, chini. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Wakati vidole vinafanya kazi, macho yake hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa kwa Jaël, yakimlaani.

"Ni ile," alisema.

"Soma ulichoandika."

"Sirene_ja…"

Akainamia kioo. Komanda naye aliinama, kisha akajishika paji la uso.

"Hapana," Idriss alisema. "Juu kunakuwaka jaribu. Kila siku iko juu."

Ni Jaël aliyejibu, kwa sauti ndogo sana. "Ku mashine yangu, Idriss. Kule nilikufundishia. Ku hii ya koperative, lundi, siku moya mbele ya mardi, nilibadilisha waya, nikazima, nikamaliza, nikawasha na mukono ku sanduku. Ilibakia inakumbuka zima. Sikufikiria… Sikujua kama weye unaweza kukala hapa."

"Baada ya zile dakika kumi," Orpa aliuliza polepole, "uliisikia sirène inarudia?"

Idriss alikuwa akihesabu siku. Midomo yake ilicheza. Jumanne mchana. Jumanne jioni. Jumatano alfajiri.

"Maneno alikataa kushuka," alisema mwishowe. "Jana asubui. Alisema udongo unatoa sauti mubaya. Nilimuambia, shuka, weye muoga, sirène iko. Nilimusukuma hivi ku bega." Alinyanyua mkono akauonyesha, akautazama kama wa mtu mwingine.

Nje walianza kuliita jina lake. Idriss! Idriss! Utuletee huyo!

Alisimama na kuelekea mlangoni. Orpa alimtangulia, akaweka mgongo wake kwenye mlango.

"Hautoke."

"Ntabaambia mwenyewe, maman."

"Famille zingine mbili ziko pale, na petroli. Hautoke!"

"Niache!"

"Mon commandant, mukamate!"

Ghislain alimbana kiunoni, naye Idriss hakupigana. Aliteremka tu, uzito wake wote, mpaka wote wawili wakajikuta sakafuni. Orpa alikuwa amekuja na ushahidi wa kumwokoa mtu mmoja, na sasa alikuwa na wawili wa kuokoa, lango moja, polisi wanane, na dakika kumi na tano. Akimtoa Jaël peke yake, wangemchoma wakiamini haki inatendeka. Akisema ukweli, wangebadilisha tu mtu wa kuweka ndani ya tairi. Alitafuta njia ya tatu na hakuiona. Aliona uso mmoja tu ambao watu wale wasingethubutu kuurushia jiwe.

"Mulete Maman Zaina," alimwambia polisi wa mlangoni. "Yee peke yake. Kwa heshima."

*

Zaina aliingia akiwa amevua viatu. Alimwona mwanawe mkubwa sakafuni, akamwona msichana mwenye pingu, akabaki katikati.

"Mama," Idriss alisema. "Haiko yee. Ni minye niliizima. Mardi. Nilidhani naweka dakika kumi, na sikuangalia."

Orpa alisubiri kilio, na hakikuja. Mama yule alishuka, akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamwinua kidevu.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama. Naapa."

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Jaël. "Na weye, ulijua?"

"Hapana, mama."

Zaina alisimama kwa kushika ukingo wa meza. 

"Mutoe hizi bintu ku mikono yake," aliwaambia polisi. "Mutoto, vaa mtandio wangu. Nipe mukono."

"Maman," komanda alisema, "batakuumiza na weye."

"Nani? Bantu banaokuja kulilia mwana wangu?"

Lango lilifunguliwa. Orpa alitoka hatua tatu nyuma yao, mkono kwenye bastola ambayo alijua haitamfaa kitu. Umati ulimwona Jaël, ukanguruma, ukasogea. Jiwe moja lilitua karibu na mguu wa Zaina. Hakuangalia chini. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni, kichwa wazi, nywele nyeupe zote nje, vidole vyake vimefungwa kwenye vya yule binti.

"Maman Zaina!" mwanamume mmoja alipiga kelele. "Ni yee aliua Maneno!"

"Maneno ni wangu," Zaina alijibu. "Mi njo nilimuzaa. Haiko yee. Mutupishe."

"Nani basi?"

Aliendelea kutembea. Watu walipisha wenyewe, mmoja akimvuta mwingine, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumgusa mama wa marehemu. Orpa alihesabu hatua hadi barabarani: themanini na moja. Hakupumua vizuri hata moja. Aliona taksibasi ikisimama, mlango ukifunguliwa, mtandio mweusi ukiingia, gari likiondoka kuelekea Kikula. Jaël alikuwa hai.

Watu walibaki wamesimama, dumu mikononi, wakitazamana, wakianza kuulizana Idriss yuko wapi mbona hatoki. Orpa alirudi ndani upesi, akaagiza lango lifungwe kwa komeo zote mbili. Alipachika jicho kwenye tundu.

Zaina alikuwa anarudi. Alipita tena katikati yao, peke yake sasa, na wote walimfuata kwa macho. Alilifikia lango, akaweka kiganja juu ya bati, akabisha kidogo sana ili asikie aliye nyuma tu.

"Mufungue," alisema. "Nilibakia na mutoto moya, na eko humo ndani."